Saa ya marehemu baba imeruka 29 Februari: imeharibika au ilitiwa majira vibaya?

Bint Mkunazini, Jumamosi 2 Machi 2024, saa 10:20 jioni

Assalaam alaykum. Natumai humu yumo anayezijua saa za kalenda ya kudumu, zile zinazofuata zenyewe urefu wa kila mwezi mpaka 29 Februari, maana huku Unguja nimezunguka kwa mafundi mpaka nimechoka.

Marehemu baba yangu alituachia saa ya mkono ya dhahabu, Audemars Piguet ya Uswisi, nyembamba hata ukiivaa chini ya mkono wa kanzu haijulikani kama ipo. Haina mshale wa sekunde. Usoni ina viduara vinne: juu kwenye 12 pana miezi, kulia kwenye 3 pana tarehe 1 mpaka 31, chini kwenye 6 pana dirisha la mwezi wa mbinguni, na kushoto kwenye 9 pana siku za wiki kwa Kifaransa. Baba Kifaransa hakukijua. Alijifanyia tafsiri kwenye daftari dogo la jalada jekundu: LUN Jumatatu, MAR Jumanne, mpaka kwenye DIM. Ubavuni mwa kasha pana vitundu vyenye vitufe vilivyozama ndani, na vyote ameviandika humo daftarini kipi kinasogeza nini.

Saa alipewa Maskati mwaka 1979 na bwana aliyekuwa akimwekea hesabu za biashara. Baba alihamia huko 1971, pamoja na wengi wa watu wetu wenye asili ya Oman walioitwa warudi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi. Alipostaafu akarudi Unguja, kaka akabaki kule.

Sasa sikilizeni. Kurasa za nyuma za daftari lile zina mistari kumi tu. Wa kwanza: "29/2/1980 Ijumaa. Imekuja." Wa pili: "29/2/1984 Jumatano. Imekuja." Hivyo hivyo mpaka "29/2/2016 Jumatatu. Imekuja." Kila miaka minne baba alikuwa akikesha kuitazama saa yake ikifika 29 yenyewe bila kuguswa, kisha anaandika. Nikiwa mdogo niliwahi kukaa naye usiku mmoja, ule wa 1996. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na mwaka huu tena imekuwa Alhamisi, kwa sababu mzunguko wa siku na tarehe hurudi palepale kila miaka 28. Nasomesha hesabu skuli, mambo haya nayapenda.

Baba alifariki 2019. Mwaka 2020 saa ilikuwa Maskati sandukuni kwa kaka, imesimama. Desemba iliyopita kaka alipokuja kututembelea akaileta, na kabla ya safari aliipitisha kwenye duka moja la saa huko wakaitia majira. Tangu siku ile naivaa mimi kutwa, hata darasani. 31 Desemba ikaenda 1 Januari. 31 Januari ikaenda 1 Februari. Sikuigusa.

Jumatano usiku nikakaa macho na daftari mapajani. Ilipofika saa sita mshale wa tarehe ukaondoka kwenye 28, ukapita 29, 30 na 31, ukatua kwenye 1. Kiduara cha miezi nacho kikahamia Machi. Nililia. Nilikwishaandika "29/2/2024 Alhamisi" nikawa nasubiri kumalizia.

Nauliza mambo haya. Je, imeharibika? Daftarini baba ameandika kwa wino mwekundu "Usiguse vitufe kati ya saa mbili na saa tisa." Kaka amekulia Maskati, saa anazihesabu kama Waarabu wanavyozihesabu, na anasema maana yake ni mshale mfupi ukiwa kati ya 2 na 9. Kwa hiyo alipofika hapa na kukuta siku ya wiki imepishana aliirekebisha usiku, mshale ukiwa kwenye 10. Mimi nahisi baba alikuwa anahesabu Kiswahili. Nani yuko sahihi, na kama kaka alikosea, ameumiza kitu?

La mwisho. Sonara mmoja hapa mjini aliiweka kwenye mizani akataka kunipa bei ya gramu, akisema mashine ya ndani ni kuukuu haina thamani. Nikaichukua saa yangu nikatoka. Mwengine alitaka kuipiga brashi ing'ae. Kaka angependa tuiuze tugawane. Sote ni wawili, yeye theluthi mbili na mimi theluthi moja, na hilo sina neno nalo. Ila nataka kuijua thamani yake ya haki ili nimlipe fungu lake nibaki nayo.

---

Kijana wa Ilala, Jumamosi 2 Machi 2024, saa 11:05 jioni

Pole sana dada, na Mungu amrehemu mzee. Mimi saa yangu ni ya betri na kila mwisho wa mwezi wenye siku 30 naivuta tarehe kwa mkono, kwa hiyo naomba nieleweshwe pia: chuma kisicho na betri wala intaneti kinajuaje kwamba Februari ina siku 28, na kwamba safari hii ina 29? Hilo ndilo sijalielewa kabisa.

---

Fundi wa Mji wa Kale, Jumamosi 2 Machi 2024, saa 3:40 usiku

Waalaykum salaam mwanangu Bint Mkunazini. Natengeneza saa hapa Mombasa miaka 31 sasa, na saa ya namna yako nimeishika mara mbili tu maishani, zote za wageni. Kwa unavyoieleza, viduara vinne na hakuna mshale wa sekunde, hiyo ni ile iliyotoka 1978. Saa yako haijaharibika. Imewekwa katika mwaka usiokuwa wake.

Nikujibu pamoja na huyu kijana wa Ilala, maana ameuliza swali lenyewe.

Chini ya uso wa saa hizi pana gurudumu moja dogo linalomaliza mzunguko mmoja kwa miaka minne. Ukingo wake umegawanywa nafasi 48, kila mwezi nafasi yake. Mwezi wa siku 31 ukingo umeachwa vilevile. Mwezi wa siku 30 umechongwa pengo la kina kidogo. Februari ina pengo refu kuliko yote. Lakini katika zile Februari nne, moja pengo lake limechongwa fupi kwa unene wa unywele, na hiyo ndiyo ya mwaka mrefu. Ukihesabu utapata mapengo 20 yote pamoja. Juu ya ukingo huo umelala wenzo wenye pua. Usiku wa mwisho wa mwezi pua ikiwa imezama sana, wenzo hulishika gurudumu la tarehe mapema na kulisukuma hatua nne, kutoka 28 hadi 1. Ikizama pungufu ya hapo husukuma tatu, kutoka 29. Pengo dogo husukuma mbili, kutoka 30. Pasipo na pengo husogea hatua moja. Chuma hakijui lolote, kijana wangu. Aliyejua ni yule aliyekichonga.

Nimewahi kuliweka gurudumu hilo kwenye kucha ya kidole gumba nikaliangalia kwa lensi. Tofauti kati ya Februari ya 28 na ya 29 huwezi kuiona kwa jicho tupu, ila ukipitisha ncha ya kibano unaihisi.

Sasa tatizo lako. Mshale wa miezi unaonyesha Februari, lakini haukwambii ni Februari ipi katika zile nne. Saa nyingine zina kimshale cha kuonyesha mwaka wa ngapi, yako haina. Aliyeitia majira huko alilinganisha siku, tarehe na mwezi, akaona vimekaa sawa akakukabidhini. Januari isingeweza kumsuta, na Desemba pia. Ni Februari pekee inayotoa siri.

Na usidhani ukiiacha itajirekebisha. Kama sasa imekaa katika mwaka wa tatu baada ya ule mrefu, Februari ijayo ya 2025 itakuletea 29 isiyokuwepo.

Fanya hivi, mchana, umetulia, meza imetandikwa kitambaa.

Kwanza usiguse kitufe chochote. Zungusha mishale kwenda mbele, mbele tu, mpaka uone tarehe inabadilika. Hapo umepata saa sita ya usiku kwa hakika, kwa sababu saa hii haina cha kukuonyesha usiku na mchana. Endelea mpaka mshale mfupi ufike kwenye 10, yaani saa nne asubuhi. Sasa ni salama.

Chukua kijiti cha mti, kile cha kuchokolea meno, ukikate ncha isiwe kali. Usitumie sindano wala kalamu, zitakwaruza dhahabu. Bonyeza kitufe cha miezi mara 11, kutoka Machi mpaka Februari. Kila mbonyezo uende mpaka mwisho, usikie "tik", halafu uache kirudi chenyewe. Mwezi kwanza, tarehe ikiwa bado ndogo. Kisha peleka tarehe mpaka 28. Siku ya wiki na mwezi wa mbinguni viache kwa sasa, vitakwenda ovyo, visikusumbue.

Halafu zungusha mishale taratibu uvuke saa sita usiku. Ikitua kwenye 29 umeupata mwaka mrefu. Ikienda 1, endelea mpaka saa nne asubuhi tena, bonyeza miezi mara 11 nyingine, tarehe mpaka 28, ujaribu. Majaribio mawili yakishindikana basi la tatu halihitaji kujaribiwa, ndilo lenyewe.

Na una bahati ya majira. Leo tuko mwanzoni mwa Machi ya mwaka mrefu. Ukishaiona 29, ipeleke mbele siku chache tu na utakuwa umefika leo hii.

Kuhusu daftari, baba yako alikuwa anahesabu Kiswahili. Saa mbili usiku ni mshale kwenye 8, saa tisa usiku ni mshale kwenye 3. Katika muda huo meno ya kalenda yamekamatana, ukibonyeza unayalazimisha. Kaka yako alibonyeza kwenye 10 usiku, palepale pa hatari. Lakini kwa kuwa baada ya hapo imevuka Januari na kuruka Februari sawasawa, meno yamesalimika. Asirudie.

Jambo moja limenikaa moyoni. Saa yako haina kiduara cha miaka, lakini baba yako alikuwa nacho, ni lile daftari. Mistari ile kumi ndiyo iliyomwambia saa iko wapi katika ile miaka minne. Duka lile lingeuliza kwanza kama mzee aliacha maandishi, usiku wako wa Jumatano usingeharibika.

Sonara usirudi kwake. Saa nyembamba namna hii dhahabu yake ni kidogo, thamani yote iko katika kazi. Na kupiga brashi usimruhusu mtu, hata mimi. Kingo za kasha zikishalainishwa hazirudi, na wanunuzi hutazama kingo kabla ya kutazama kitu kingine.

---

Mshangani–Maskati, Jumamosi 2 Machi 2024, saa 4:15 usiku

Dada, mimi niko Maskati na kosa la kaka yako nimelifanya mara nyingi katika mambo mengine. Nyumbani bibi akisema njoo saa mbili, sisi tuliozaliwa huku tunaangalia 2. Mama yangu mpaka leo akiniandikia huweka "ya Kiswahili" pembeni. Usimlaumu.

Naongeza moja tu: nambari iliyochongwa mgongoni mwa saa usiiweke hadharani popote, wala picha yake. Ipige mwenyewe, na nakala ya daftari pia, zikae mahali pengine mbali na saa.

---

Mtoto wa Uvira, Jumapili 3 Machi 2024, saa 3:30 asubuhi

Habari dada. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, naishi Lausanne, na saa yenu nimeiona sura yake kwa macho. Kijiji inakotengenezwa, Le Brassus, kiko kwenye Vallée de Joux, bonde lenye baridi kali huku juu mlimani, na treni inafika. Wana jumba la makumbusho la vioo lililofunguliwa 2020, limejizungusha kama kamani ya saa, na nyasi zimeota juu ya paa. Kazi ya ofisi ya mchora majengo Bjarke Ingels. Nilikwenda kwa ajili ya jumba, nikatoka na kichwa kimejaa saa.

Kilichonigusa ni mwaka wenyewe, 1978. Saa za betri zilikuwa zimeziangusha saa za Uswisi. Watu waliokuwa kwenye kazi hii walikuwa kama 90,000 mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1980 walibaki theluthi hivi. Katika hali hiyo mafundi watatu, Michel Rochat, Jean-Daniel Golay na Wilfred Berney, walikaa wakabuni hii kalenda kwa siri. Walichukua mashine nyembamba iliyokuwepo tangu 1967, unene wake milimita 2.45, wakailaza kalenda juu yake, jumla ikawa milimita 3.95. Wakati huo hapakuwa na saa ya kujijaza yenyewe, yaani kwa mtikisiko wa mkono, yenye kalenda ya kudumu iliyokuwa nyembamba kuliko hiyo. Kampuni nyingine zilikuwa zinafunga milango, hawa wanachonga gurudumu la kukumbuka Februari.

Na kile kimshale cha mwaka mrefu ambacho dada hana, kampuni hiyohiyo ilikuwa imekwisha kukiweka kwenye saa ya mkono mwaka 1955, lakini zile zilitengenezwa tisa tu. Hii ya 1978 ikatoka bila hicho, uso ukabaki na nafasi. Ni mzuri zaidi kwa macho, lakini ndiyo hivyo, mnaona kilichotokea.

Ushauri wangu: wasiliana na kampuni wakupe dondoo la kumbukumbu zao kuhusu saa hiyo, halafu uwapelekee waifungue, waisafishe na kuitia mafuta mapya. Kwa thamani, minada mikubwa, Christie's, Sotheby's na Phillips, hupokea picha kwa mtandao na kutoa makadirio bila malipo. Uliza wote watatu. Ukipata namba tatu, wewe na kaka mna pa kuanzia.

---

Fundi wa Mji wa Kale, Jumapili 3 Machi 2024, saa 6:10 mchana

Ndugu yetu wa Uvira amesema vizuri, na kuhusu kuisafisha naungana naye. Saa iliyolala miaka minne mafuta yake yamekauka, na kila siku unayoivaa chuma kinasaga chuma. Fanya jaribio lako, kisha uipumzishe.

Ila ikienda kiwandani, mwandike barua yenu kwa maneno wazi: kasha lisisuguliwe, uso usipakwe upya, na kila kipande cha zamani kitakachotolewa kirudishwe pamoja na saa. Kiwanda hupenda kuirudisha saa ikiwa mpya. Nyinyi mnaitaka iwe ya baba yenu.

---

Bint Mkunazini, Jumapili 3 Machi 2024, saa 1:45 usiku

Ndugu zangu, imekuja.

Nilianza saa nne asubuhi, mlango nimeufunga, mwanangu wa miaka kumi na moja ameshika daftari na penseli, kazi yake kuhesabu kwa sauti. Miezi 11. Tarehe kutoka 5 mpaka 28, mibonyezo 23. Nikazungusha mishale, ikaenda 1. Mwanangu akanitazama. Nikamwambia andika, jaribio la kwanza hapana.

Miezi 11 tena. Tarehe kutoka 1 mpaka 28, mibonyezo 27. Kijiti cha kwanza kilikuwa kimeshachakaa ncha, nikakata kingine. Safari hii nikazungusha polepole mno, mpaka nikawa nasikia pumzi zangu. Mshale ukaondoka kwenye 28, ukapanda, nikangoja upite. Ukasimama kwenye 29. Kiduara cha juu bado kinasema Februari. Nimeutazama muda mrefu sana. Kiduara kile ni kidogo, 29 imebanwa kati ya 28 na 30, nambari zenyewe ni nyembamba kama zimeandikwa kwa unyoya. Tangu 2016 mshale ule haukuwahi kusimama hapo kwa Februari.

Kwa hiyo ilikuwa imewekwa katika mwaka wa pili. Mibonyezo 72 kwa jumla bila ya kuhesabu siku ya wiki. Halafu nikaendelea: 1 Machi, 2, 3, nikaiweka DIM. Mwezi wa mbinguni niliupeleka mpaka ukawa mduara kamili dirishani, na kwa kuwa mwezi ulipevuka 24 Februari nikabonyeza mara nane kufika leo. Usiku huu nimetoka uani kungoja, wa juu utachelewa kutoka, lakini nitakaa.

Kaka nimempigia simu ya picha, nikamwonyesha. Nikamsomea na lile jibu la saa mbili na saa tisa. Akanyamaza, kisha akaniomba nimpigie picha mstari ule wa wino mwekundu. Ameniambia bei tuiulize, lakini hana haraka tena.

Fundi, nina swali moja la kihesabu. Katika miaka 400 ya kalenda tunayotumia, miaka mirefu ni 97, si 100. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu kwa sababu unagawanyika kwa 400, na baba ameandika "29/2/2000 Jumanne. Imekuja." Lakini 2100 hautakuwa mrefu. Gurudumu la miaka minne haliwezi kulijua hilo, sivyo? Niandike nini daftarini kwa atakayeivaa wakati huo?

---

Fundi wa Mji wa Kale, Jumapili 3 Machi 2024, saa 2:30 usiku

Alhamdulillahi. Nimefurahi mwanangu, nimewasomea mpaka watu wa nyumbani.

Ndivyo, haliwezi kulijua. Mwaka 2100 saa yako itatoa 29 Februari siku ambayo ulimwengu wote uko 1 Machi. Mwenye kuivaa angoje mpaka saa nne asubuhi, abonyeze tarehe mpaka ifike 1 Machi. Mwandikie hivyohivyo, na uandike "saa nne asubuhi ya Kiswahili, mshale kwenye 10", asije akakosea kama mjomba wake.

Na sasa ukiivua itasimama baada ya siku moja na nusu au zaidi kidogo. Usiogope. Ikisimama haipotezi mwaka wake, gurudumu linabaki palepale. Inayopotea ni habari ya wapi palipo. Kwa hiyo siku itakaposimama andika tarehe inayoonyesha usoni, mwezi wake, na ni mwaka wa ngapi baada ya ule mrefu. Daftari lisafiri pamoja nayo ikienda Uswisi. Nakala, si lenyewe.

---

Bint Mkunazini, Jumanne 5 Machi 2024, saa 12:50 jioni

Imesimama leo. Nimeandika ukurasa ule ule wa baba, chini ya mstari wake wa kumi:

"29/2/2024 Alhamisi. Haikuja. Imekuja 3/3 kwa mkono, jaribio la pili.
Imesimama ikionyesha MAR, 5 Machi, mwaka mrefu wenyewe. Mshale mfupi kati ya 12 na 1, mchana. Vitufe visiguswe mshale ukiwa kati ya 8 na 3 usiku."

Mwanangu ameongeza chini yake, kwa hati yake kubwa, "1/3/2100: bonyeza tarehe mpaka ifike 1."